Mtoto Wangu Alihutubia, Nikakataliwa

Juzi msomaji mmoja kaniandikia: "Kaka, nina muswada wa filamu fupi. Mhusika mkuu ni mtoto wa miaka tisa anayewakilisha taifa letu. Nipe mwongozo." Nilicheka, halafu nikanyamaza. Mtoto huyo namjua, nilishamwandika.

Wangu aliitwa Tumaini (jina peke yake lilikuwa onyo). Sare imenyooka, bendera anapandisha yeye, na mkubwa akikosea tu, anapewa hotuba. Niliupeleka muswada kwenye shindano, suti ya kupokelea tuzo nimeshaazima. Ukarudi na maneno sita kwa wino mwekundu: "Huyu mtoto ni mkuu wa wilaya." Jaji alisema kweli. Ila wino ule mwekundu sijamsamehe.

Aliyenifundisha ni mtoto Jo wa Supa Modo, filamu ya Kenya ya 2018 aliyoiongoza Likarion Wainaina. Jo anaumwa, siku zake zinahesabika, na ndoto yake ni kuwa shujaa mwenye nguvu za ajabu kama wa kwenye sinema. Kuhusu Kenya hahubiri chochote. Lakini kijiji kinapoungana kumtengenezea filamu yake, Wakenya unawaona hapo: dawa hawana, wanachanga walichonacho.

Halafu kuna mtoto Bruno, kwenye filamu ya Kiitaliano Ladri di biciclette (Wezi wa Baiskeli) ya Vittorio De Sica, 1948. Italia imetoka vitani, ajira hakuna. Baba kapata kazi ya kubandika mabango, baiskeli ya kazi ikaibwa. Mgahawani Bruno anatafuna huku akimwangalia mtoto wa kitajiri meza ya jirani. Mwishoni anamshuhudia baba yake mwenyewe akikamatwa kwa kuiba baiskeli. Anamshika mkono, wanatembea. Nilirudia kipande hicho mara nne usiku mmoja.

Kwa hiyo, mdogo wangu, mpe mtoto wako shida. Mpe kitu anachokitaka mpaka anakosa usingizi. Ujumbe mnyime. Nasema tena, mnyime! Sisi waandishi wa Bongo tunapenda watoto wasafi wanaojibu kama risala ya Mwenge, wakati sisi wenyewe tuliwakimbia mama zetu kwenda kujibana kibanda umiza kuangalia sinema.

Tumaini nimemrudisha mezani. Sasa anauza mihogo ya kukaanga stendi, anadunduliza hela ya raba. Bendera imebaki onyesho moja tu, imechorwa ubavuni mwa bajaji inayomrushia tope.