Kutu Tuliyoimwagilia Wenyewe

Wiki hii mmeuliza kama ni lazima kutu yote ikwanguliwe kabla ya chuma kupakwa rangi upya. Lazima, na fundi anayekwambia "rangi itaifunika" mfungulie geti aende zake. Nimeyasema hayo miaka mingi, tangu geti la mama hapa Tanga.

Arusi ya mdogo wangu ilikuwa imekaribia. Fundi alikuja na brashi ya waya iliyokwisha meno na msasa, akakwangua asubuhi nzima. Adhuhuri nikachota ndoo mbili kisimani, tukaliosha vumbi, likakauka juani. Akapiga redioksaidi, ile rangi ya kwanza ya kuzuia kutu, kisha rangi ya mafuta ya kijani, mikono miwili. Siku ya arusi geti linang'aa, watoto wanajitazama.

Masika hayajaisha, chini karibu na bawaba rangi ikafura malengelenge. Nikatumbua moja kwa ukucha: likatoka tone la maji ya hudhurungi, na chini yake chuma kimejaa unga mwekundu. Nikampigia fundi, nikamwita mwizi. Salio lake nikalizuia.

Mwaka uliofuata niliamua kulifanya mwenyewe. Jirani yetu, mzee aliyewahi kupaka rangi matishari bandarini, akanikuta nimeinama, ndoo pembeni. Kutu hakuitazama. Alichovya kidole kwenye ndoo, akaramba.

"Onja na wewe, mwanangu."

Kisima chetu kina chumvichumvi. Tunajua, ndiyo maana chai tunapikia maji ya bomba. Kumbe geti nililikoleza! Mzee akanieleza kwamba kutu unaiona, chumvi huioni. Inajificha kwenye vishimo vya chuma na kuvuta unyevu hata ukiwa umeshapaka. Tukasuuza kwa maji ya bomba mara tatu, tukakausha kwa matambara, redioksaidi ikapigwa jioni ile ile. Kwa hewa yetu ya pwani, chuma ukikilaza kitupu kinaamka chekundu.

Sasa jibu langu. Nilipoanza kuandika nilisema yote. Magamba yatoke, hilo sina ubishi, maana rangi iliyoshika gamba itadondoka nalo. Lakini ule wekundu ulioganda kwenye vishimo, usiobanduka hata ukiuchokonoa kwa bisibisi, mimi ningeuacha, mradi umesuuzwa vizuri na redioksaidi imeingia. Nasema geti na nondo za dirisha. Nguzo inayobeba dari, au tangi, muulizeni anayejua zaidi yangu. Na aliye Dodoma, mbali na upepo wa bahari, pengine nusu ya haya hayamhusu.

Yule fundi nilimpelekea salio lake mwaka jana. Alizihesabu noti mara mbili, akazitia mfukoni, kisha akaniuliza kama kile kisima bado tunakitumia.