Mjamzito katolewa kwenye mafuriko, themometa inaandika "Lo": tuanzie wapi?

SWALI: Daktari, habari za kazi. Mimi ni mkunga kwenye zahanati moja hapa Dar es Salaam. Masika yaliyopita tuliletewa mama wa wiki 30 aliyeokolewa bonde la Msimbazi baada ya kukaa juu ya bati usiku kucha akinyeshewa. Alikuwa anatetemeka, maneno yanamtoka kwa shida, na themometa ya kwapani ikaandika "Lo". Moyo wa mtoto nilihesabu 100 kwa dakika. Wenzangu wakasema mtoto anachoka, mama akimbizwe akapasuliwe. Ndugu nao walitaka kumchua miguu kwa mafuta ya moto. Ilitakiwa tufanyeje?

JIBU: Sista, moyo wa mtoto ukipiga 100 na mama kapoa kiasi hicho, dawa ya kwanza ni kumpasha mama joto. Mtoto hutegemea kondo la nyuma kutoa na kupata joto, na kwa kawaida joto lake humzidi mama kwa nusu nyuzi hivi. Mama akipoa naye hupoa, na moyo wake hushuka chini ya ile 110 hadi 160 tuliyoizoea. Mara nyingi hupanda wenyewe kadiri mama anavyopata joto. Ukimwahisha mezani akiwa na nyuzi 31, unampasua mtu ambaye damu yake haigandi sawasawa na moyo wake unaweza kuvurugika wakati wowote. Ila akitokwa damu, tumbo likikaza kama ubao, au mama kashapata joto na moyo wa mtoto bado uko chini, hapo wenzako watakuwa na hoja.

Najua wapo wanaocheka ukitaja baridi ya kuua mtu Dar. Maji hunyonya joto la mwili takriban mara 25 kuliko hewa, na khanga iliyolowa ikipigwa na upepo usiku kucha inatosha. Chini ya nyuzi 35 tayari ni tatizo. 32 hadi 35 ni dogo, 28 hadi 32 ni la wastani, chini ya 28 ni hatari kabisa. Themometa nyingi za zebaki huanzia 35, kwa hiyo ikisoma 35 usiamini kwamba ndiyo 35. Ile "Lo" maana yake joto limeshuka kuliko kifaa kinavyoweza kupima. Angalia pia mtetemeko: ukikoma huku mgonjwa bado wa baridi na anazidi kusinzia, hali imekuwa mbaya zaidi.

Vueni nguo zilizolowa, kwa kuzikata kama mnaweza, mkausheni, mfunikeni na kichwa pia. Alale ubavu wa kushoto ili mji wa mimba usikandamize mshipa mkubwa wa damu. Chupa za maji ya moto ya wastani, zilizoviringishiwa kitenge, ziwekwe kwapani na kifuani. Ngozi iliyopoa huungua bila mwenyewe kusikia. Miguu acheni. Kuichua kunarudisha damu baridi moyoni, na kumtikisatikisa mgonjwa aliyepoa sana kunaweza kuuvuruga moyo. Chai yenye sukari apewe tu kama yuko macho na anameza vizuri.

Dripu iwe ya chumvi ya kawaida, imepashwa hadi nyuzi 38 mpaka 42. Hapa wengi hujidanganya: chupa inatoka kwenye ndoo ikiwa ya moto, halafu maji yanatiririka polepole kwenye mpira mrefu na kumfikia mgonjwa yakiwa yameshapoa. Fupisheni mpira, au uviringisheni kwenye blanketi pamoja na mkono wake.

Pimeni sukari na malaria hapo hapo. Sukari ikishuka, au maambukizi yakiingia kwenye damu, joto hushuka hata kwa mtu ambaye hakugusa mvua, na blanketi peke yake halitamsaidia.

Joto likipanda nyuzi 1 au 2 kwa saa, ni mwendo mzuri. Kwa mama kama huyo rufaa ni lazima, ila aanze kupashwa joto kabla ya gari kufika. Kwenye fomu andika joto na mapigo ya mtoto, kila kipimo na saa yake, ili wanaompokea waone kama vinapanda pamoja. Na mwambieni dereva azime kiyoyozi.