Fani ya binti yangu imekufa?

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Binti yangu anamaliza shahada ya hisabati na anataka kusomea uzamili wa utafiti wa operesheni, yaani kutumia hesabu kuamua namna bora ya kuendesha kazi. Mjomba wake, mtu wa kompyuta, anasema fani hiyo imeshakufa, siku hizi kila kitu ni akili mnemba. Nimruhusu? – Baba Neema, Morogoro

JIBU: Marahaba, Baba Neema. Mruhusu.

Mjomba si wa kwanza kuitangazia fani hii msiba. Mwaka 1979 Russell Ackoff, mmoja wa walioijenga kule Marekani, aliandika kwamba mustakabali wake umeshapita. Kilichomuudhi ni wataalamu kujifungia na milinganyo yao bila kwenda kuwasikiliza wenye shida. Nami naudhika hivyo hivyo, ndiyo maana wanafunzi wangu huanza na kisa cha Vita Kuu ya Pili.

Ndege za Uingereza zilikuwa zikiangusha mabomu yaliyotegwa yalipuke futi 100 chini ya maji, kwa kudhani nyambizi ya Kijerumani ikiona ndege itakuwa imeshazama. Mwanafizikia E. J. Williams akazipitia taarifa za mashambulizi. Nyambizi iliyozama kiasi hicho, rubani hajui tena iko wapi. Anayoweza kuilenga ni ile ambayo bado iko juu juu, na hiyo bomu la futi 100 haliidhuru. Akashauri yategwe futi 25. Nyambizi zikaanza kuzamishwa kwa wingi, hata mateka wa Kijerumani wakadhani Waingereza wamepata baruti kali zaidi. Bomu lilikuwa lile lile!

Kazi ya namna hiyo ingali hai, ingawa mara nyingi hutangazwa kwa jina la sayansi ya data au ugavi. Mwaka 2021 Mpango wa Chakula Duniani ulipata tuzo ya Franz Edelman, kubwa kabisa katika fani hii, kwa hesabu za kuamua chakula gani kinunuliwe wapi na kipitie njia ipi. Akili mnemba inaweza kubashiri kambi itahitaji mahindi kiasi gani mwezi ujao. Malori machache yaliyopo yaende wapi kwanza, hapo bado anahitajika mtu kama Neema.

Ila kabla hajajaza fomu, aulize kama tasnifu humpeleka mwanafunzi bandarini, hospitalini au ghalani. Wakimwambia yote huishia darasani, atafute chuo kingine.