Jibu: Miti itazuia kelele za barabarani ukumbini?

Ndugu, umeuliza kama safu ya miarobaini itapunguza kelele za barabara kwenye ukumbi wenu wa mihadhara. Pandeni, kivuli ni neema, ila kwa kelele msitegemee makubwa. Hata ukanda wa miti iliyosongamana wa mita 30 hupunguza desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 5 hivi tu. Ukuta mzito usio na matundu hupunguza kiasi hicho huku ukichukua nafasi ndogo.

Shida kubwa ni madirisha. Ukiyafunga, jasho na kiyoyozi. Umeme ukikatika, jenereta linanguruma. Nilisoma katika ukumbi wa namna hiyo. Sisi wa safu ya nyuma hatukumsikia mwalimu, tulikuwa tunanakili madaftari ya wa mbele, na inaniuma mpaka leo. Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mwaka 1999 kelele za nje darasani zisizidi desibeli 35.

Kwa jengo jipya, piganieni ramani: vyoo, stoo na ngazi vikae upande wa barabara, madirisha yafungukie uani, upepo upite bila kiyoyozi. Jenereta lisogezwe mbali; penye uwazi, umbali ukiongezeka mara mbili sauti hushuka desibeli 6 hivi.

Halafu ingia ukumbini kukiwa kutupu, piga kofi moja. Likiendelea kuvuma, anzeni na dari: ifunikwe kwa kitu kinachonyonya sauti.