Hasira ya Baba na Mkono wa Sheria

SWALI: Mhariri, kwenye tamthilia tunayoifuatilia hapa Nachingwea, baba anamuua kwa panga mbakaji wa bintiye, siku tatu baada ya kujua. Kisha anapewa dhamana. Ndivyo sheria ilivyo?

JIBU: Dhamana haipo, shtaka la mauaji halina dhamana. Huku kwetu Tanzania angekaa mahabusu akisubiri Mahakama Kuu. Hasira hushusha kosa kuwa kuua bila kukusudia ikiwa tu alitenda papo hapo, kabla moyo haujapoa. Siku tatu na panga lililonolewa? Huo ni mpango, na adhabu yake ni kunyongwa. Inauma, maana mbakaji angefungwa miaka isiyopungua 30. Familia ingewahi polisi kuchukua PF3, yaani fomu ya polisi ya kumpeleka hospitali, binti apimwe kabla hajaoga, nguo zake zihifadhiwe bila kufuliwa.