UTI inayorudi: oteshwa mkojo kwanza

Dada, unauliza kama choo cha stendi ndicho kinachokurudishia UTI, yaani maambukizi ya njia ya mkojo. Hapana, sicho. Mara nyingi ni bakteria E. koli wa utumbo wako mwenyewe, wanaopita njia fupi kutoka haja kubwa hadi njia ya mkojo. Ikirudi mara 2 ndani ya miezi 6, acha kununua sipro (antibiotiki ya ciprofloxacin) dukani, wadudu wengi hawaisikii tena. Nenda hospitali ya Ligula hapa Mtwara, au Sokoine kama uko Lindi, uulizie kipimo cha kuotesha mkojo (maabara hukuza wadudu waliomo na kuwajaribu kwa dawa) kabla hujameza dawa yoyote. Kijiti cha kuchovya kwenye mkojo peke yake hakionyeshi dawa ipi inawaua wadudu hao. Jisafishe kwa maji, achia mkojo wa mwanzo, kinga wa katikati, ufike maabara ndani ya saa 2, maana kwa joto letu wadudu huzaliana kwenye kikopo na majibu yanapotosha.

Mnaobangua korosho kutwa, msibane mkojo. Ongezeni lita 1.5 za maji kwa siku. Kojoa baada ya tendo. Na tafadhali, usijioshe ndani kwa sabuni wala ndimu, unaua bakteria wanaokulinda.

Ukiwa mjamzito, au una homa na maumivu ya ubavuni, nenda leo hii.