Bei ya New York, Malipo ya Vwawa

SWALI: Redioni tunasikia kahawa imepanda New York, lakini malipo ya AMCOS yetu (chama cha ushirika cha wakulima) hayapandi hivyo. Je, tunapunjwa? Na je, nizuie mzigo wangu mpaka mvutano wa Marekani na Brazili utulie? – Mkulima, Vwawa

JIBU: Kabla ya kumshuku mtu, chukua kalamu. Bei ya New York hutajwa kwa dola au senti za dola kwa ratili, na kilo moja ina ratili 2.2046. Tuseme bei ni dola 3 kwa ratili: kilo ya kahawa safi (iliyokwisha kukobolewa) ni kama dola 6.61. Dola ikiwa shilingi 2,700, hiyo ni 17,847. Dola ikishuka hadi 2,400, kilo ileile ni 15,864. New York haijatikisika hata senti, lakini karibu shilingi 2,000 zimekwisha kutoka. Hili ndilo wakulima wengi hawalioni: bei yako ina miguu miwili, soko la dunia na thamani ya shilingi, na mmoja unaweza kupanda huku mwingine ukishuka.

Tena hiyo ni kahawa safi. Wewe unapeleka ya maganda, yaani iliyomenywa, ikaoshwa na kukaushwa bila kukobolewa, na kilo 100 za maganda zilizokauka vizuri hutoa takriban kilo 80 baada ya kukobolewa. Kwa hiyo zidisha kwa 0.8: zile 15,864 zinakuwa kama 12,690. Toa usafiri, ukoboaji, ushuru wa halmashauri na makato ya chama. Kinachobaki ndicho cha kulinganisha na malipo yako, si ile namba ya redioni. Pengo likiwa bado kubwa, omba chama kikuonyeshe hati ya mauzo: madaraja yaliyopatikana (AA, AB, PB na mengine), kilo za kila daraja na kiwango cha dola kilichotumika siku ya malipo. Ni haki yako kama mwanachama.

Sasa kuhusu kuzuia mzigo. Brazili hutoa takriban theluthi moja ya kahawa yote duniani, ndiyo maana ukame wake wa 2024 ulisaidia kuisukuma arabika, aina ya kahawa inayouzwa New York, juu ya dola 4 kwa ratili Februari 2025. Kufikia Julai, nyinyi mkiwa kwenye mavuno, ilikuwa imerudi karibu na dola 3. Agosti Rais Donald Trump akaiwekea Brazili ushuru wa asilimia 50, bei ikapanda tena. Novemba kahawa ikatolewa kwenye ushuru huo. Aliyetaka kulenga kilele alipaswa kubashiri mvua ya Minas Gerais, jimbo la kahawa la Brazili, na uamuzi wa mtu mmoja Washington. Sijui mpangaji wa fedha makini anayeweza kuyabashiri yote mawili.

Unachoweza kupima ni gharama ya kusubiri. Una kilo 500 za maganda na mkopo wa shilingi 2,000,000 kwa riba ya asilimia 3 kwa mwezi? Riba ni 60,000, sawa na shilingi 120 kwa kilo. Bei isipopanda zaidi ya hapo kila mwezi, unasubiri kwa hasara. Hapo hujahesabu unyevu: kahawa iliyokaushwa hadi asilimia 11 au 12 ikiwekwa sakafuni bila chaga, mvua za Novemba zikianza hunyonya maji, hupauka na kushuka daraja. Ushauri wangu: uza kwanza kiasi cha kumaliza deni na kununua mbolea ya msimu ujao. Kilichobaki, kama ghala ni kavu na huna deni, kigawe mara mbili au tatu. Na tafadhali usiuze kahawa ikiwa bado ua shambani. Punguzo analolitaka mnunuzi wa namna hiyo mara nyingi ni kubwa kuliko riba ya mkopo wowote halali.

SWALI: Nasikia nchi za BRICS (Brazili, Urusi, India, China, Afrika Kusini na wenzao) zitaiangusha dola, wengine wanasema shilingi ndiyo itaanguka. Nina akiba ya milioni tatu. Nibadilishe? – Mwalimu, Iringa

JIBU: Mwalimu, swali la kwanza ni hili: utaitumia wapi? Kodi, ada na chakula chako ni vya shilingi, na kanuni za Machi 2025 zinakataza bei na malipo ya ndani kwa fedha za kigeni. Ukinunua dola kwa 2,520 na duka la fedha za kigeni likazinunua kwako kwa 2,440, umepoteza kama shilingi 95,000 kabla siasa yoyote haijafanya kazi. Waliokimbilia dola katikati ya 2024, ilipopita 2,600, waliikuta Desemba ikiwa karibu 2,400. BRICS haina sarafu ya pamoja; wanachama wake kadhaa wanalipana kwa fedha zao, lakini mafuta tunayoagiza bado yanatajwa kwa dola. Nunua dola kama una malipo ya dola yenye tarehe, mathalani ada ya mtoto nje ya nchi. La sivyo, tenga matumizi ya miezi mitatu mahali pa kutoa haraka, kisha fikiria hatifungani za serikali (unaikopesha serikali, inakulipa riba), zinazoanzia shilingi 1,000,000. Lakini usichukue ya miaka 20 kwa pesa ya kujengea mwaka kesho: riba za sokoni zikipanda, ukilazimika kuiuza mapema utaiuza chini ya ulivyonunua.

SWALI: Vita vya Mashariki ya Kati vinanipandishia dizeli nikiwa tayari nimepatana bei ya kusafirisha mbao. Nifanyeje? – Mwenye lori, Mafinga

JIBU: EWURA, mamlaka inayodhibiti bei za mafuta, hutangaza bei kikomo Jumatano ya kwanza ya mwezi, na habari ya vita kwa kawaida huchukua mwezi mmoja hadi miwili kufika pampuni, kwa kuwa shehena inayouzwa leo ilinunuliwa zamani. Huo ndio muda wako wa kurekebisha mikataba. Andika ndani yake lita za safari na bei ya dizeli ya siku mliyopatana, kisha kifungu kwamba ikipanda zaidi ya shilingi 100 kwa lita, tofauti yote inalipwa na mwenye mzigo, na ikishuka unampunguzia. Safari ya lita 450, dizeli ikipanda 200, ni shilingi 90,000. Pima lita hizo kwa lori likiwa limebeba, kwenda na kurudi; makadirio ya lori tupu yatakuumiza kwenye mlima wa Kitonga.